Mkato Nilioufukia

Mimi huitwa Kisiki. Jina hilo nilipewa na bibi yangu siku niliyosimama mlangoni na kukataa kutoka mpaka nijibiwe swali langu, na nilipojibiwa nusu nikaendelea kusimama. Bibi husema kisiki ukikigonga unaumia wewe, chenyewe wala hakina habari. Sikatai. Nayasema haya mapema ili mtu asije akalalamika baadaye kwamba sikumwonya.

Siku zangu za shule zilikuwa na ratiba moja. Nikitoka darasani saa tisa na nusu, napita nyumbani kuvua sare, nakula nilichowekewa, nachukua reki fupi nyuma ya mlango wa jikoni, kisha napanda kilimani kukagua kipande changu cha njia.

Njia yenyewe inaanzia nyuma ya karakana ya mabati, inazunguka kilima na kuteremkia upande wa pili, karibu na shule ya sekondari. Ni nyembamba. Watu wawili wakipishana, mmoja hugeuka ubavu, na baiskeli hupita moja moja kwa kengele. Kabla haijachimbwa, kila mwenda kwa miguu na kila mwenye baiskeli alifuata barabara kuu, bega kwa bega na malori. Kaka yangu husambaza mikate madukani kwa baiskeli. Siku moja lori lilimpita karibu mno, akaangukia mtaroni, mikate ikatapakaa. Alirudi na kiwiko kilichochunika, na tangu siku hiyo mama hakuwa na raha mpaka asikie kengele ya baiskeli uani.

Basi watu wa mtaa wakaamua kuchimba njia yao. Hawakulipwa na mtu. Walikuja kila Jumamosi asubuhi, na sururu, majembe na makoleo ya nyumbani, kwa miaka miwili. Aliyewaongoza alikuwa mwashi mmoja mzee ambaye sote tulimwita Fundi. Njia ilipokamilika, Fundi aliigawa vipande vya hatua thelathini thelathini, kila mtu akapewa chake cha kufyeka, kusawazisha na kuziba mashimo. Mimi nilikuwa mtoto pekee aliyepewa. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu kazi ya ukarani na ambaye bado tunamwita Karani, alipinga. Alisema mtoto huyu atachoka wiki ya pili. Nikamwambia tutaonana wiki ya pili.

Wiki arobaini zilipita na sikuchoka. Nilikuwa nikipita mbele ya Karani makusudi, reki begani, ili aone.

Kipande kilichofuata changu, upande wa chini, kilikuwa cha mama mmoja mwenye mbuzi kumi na mmoja. Watu walimwita Mama Mbuzi, naye hakujali. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mbuzi wake walikatiza njia asubuhi wakienda malishoni na jioni wakirudi, na kila walipodondosha vinyesi, yeye alivifagia kabla mtu hajasema neno.

Sasa nieleze habari ya mikato, maana ndiyo iliyoniponza. Kila baada ya hatua kadhaa Fundi alichimba mkato, yaani kibonde kipana cha kina cha kiganja, kilichokatiza njia kwa mshazari. Mvua ikinyesha, maji hushuka na njia, yakifika kwenye mkato yanageuka na kumwagikia majanini, yanaishia huko. Siku aliyonikabidhi kipande, Fundi alinipeleka mpaka kwenye mkato wangu, akaugonga kwa ncha ya kiatu. "Maji ni mgeni," aliniambia. "Mwonyeshe mlango mapema, la sivyo atahamia kwako."

Nilielewa. Shida ni kwamba mkato hauna sura nzuri. Unaonekana kama kosa la mchimbaji. Na baiskeli ikiuvuka kwa kasi, inaruka. Kaka yangu aliligeuza jambo hilo kuwa mchezo wa kuigiza. Kila akipita kwangu alipunguza mwendo, akajishika kiuno kama mzee wa miaka tisini, akaniuliza kama kipande hiki kina daktari wake. Alisema mikate ya watu inapondekea kwangu, kwingine kote ni sawa. Mikato ilikuwa kila mahali, lakini yeye aliuona wangu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekasirika.

Wakati huo Fundi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari alimkataza kuinama kwa wiki tatu. Hakuwepo wa kumuuliza, na nakiri kwamba hata angekuwepo nisingemuuliza. Jumatano moja mchana nilipanda kilimani na koleo. Nikaufukia mkato, nikaushindilia kwa miguu mpaka visigino vikauma, nikasawazisha kwa ubao. Kisha nikaokota mawe meupe arobaini na mawili, nikayapanga ukingoni upande wa bondeni, mwanzo wa kipande hadi mwisho, yakagusana. Niliporudi nyuma kutazama, nilicheka peke yangu kwa furaha.

Jumamosi Karani alisimama pale kwa muda mrefu. Akasema hivi ndivyo njia ya watu wastaarabu inavyotakiwa kuwa, na kwamba afisa wa manispaa atakayekuja wiki ijayo kuikagua ili itambuliwe rasmi aletwe hapa kwanza. Akawaambia watu wazima waige mfano wa mtoto. Kichwa kilinivimba. Kaka akapita na baiskeli bila kuruka, akakosa la kusema, na hilo lilinifurahisha kuliko maneno ya Karani.

Jumatatu mvua ikaja. Ilinyesha siku hiyo na Jumanne yote, mvua nzito ya kupiga mabati mpaka mwalimu akaacha kufundisha kwa mdomo, akawa anatuandikia ubaoni. Jumatano ilipokatika, nilikimbilia kilimani. Kipande changu kilikuwa kimesimama imara, mawe yote mahali pake. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu niliposikia sauti ya kaka akilaani huko chini.

Katikati ya kipande cha Mama Mbuzi kulikuwa na handaki. Lilinifika magotini, na lilikwenda hatua ishirini, udongo wote umechukuliwa pamoja na mkato wake, mizizi imebaki nje. Kaka alikuwa ameketi kando, baiskeli imelala, gurudumu la mbele limepinda. Siku hiyo mikate iliyobaki ilipelekwa kwa miguu, kwa barabara ya malori.

Jioni hiyo hiyo Karani aliitisha mkutano kwenye ua wa karakana. Alikwisha kupata jawabu. Kwato za mbuzi zimelegeza udongo, alisema, na mvua imemalizia. Alikuwa ameandika barua ya kuiomba manispaa ipige marufuku mifugo kilimani. Barua itasainiwa Jumamosi mbele ya afisa, ili afisa aone kwamba sisi ni watu makini. Mama Mbuzi alisimama akasema mbuzi wake walipita pale miaka tisa kabla ya hiyo njia kuchimbwa na hawakuwahi kuchimba handaki. Akauliza wakifukuzwa kilimani atawalisha wapi, kwenye lami. Akaketi. Wale mbuzi ndio waliokuwa wakisomesha wanawe wawili, na kila mtu pale uani alilijua hilo.

Karani aliuliza nani anaafiki, na mikono ikanyooka. Wangu ulikuwa wa kwanza. Ilibidi iwe kosa la mtu, na mimi sikupenda liwe la mtu ninayemfahamu vizuri zaidi.

Kesho yake bibi alinituma kwa Fundi nikamjulie hali. Nilimkuta ameketi sebuleni wima kabisa, jicho moja limefunikwa, amechoshwa na kukatazwa kuinama. Nilimsimulia habari za handaki na za barua. Alisikiliza, akaniuliza handaki limeanzia wapi. Nikamwambia kwa Mama Mbuzi.

"Hapo ndipo lilipo," alisema. "Mimi nauliza lilipoanzia. Ukikuta sakafu imelowa utakagua sakafu, au utatazama paa?"

Akaniuliza, kwa upole tu, kama mkato wangu unamwaga maji vizuri. Nikamjibu kwamba unamwaga. Neno lilitoka lenyewe, haraka, kabla sijalitafuta. Fundi akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri, akaniomba nimsogezee maji ya kunywa. Nilimpa bilauri bila kumtazama lile jicho moja lililobaki wazi. Bibi husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa hatua thelathini.

Ijumaa nilipanda kilimani bila reki. Nilisimama kwenye handaki, nikaanza kupanda polepole, nimeinamisha kichwa. Maji huacha alama zake kwa anayetaka kuziona. Mchanga laini ulikuwa umejipanga kwa mistari, na majani makavu yote yalilalia upande mmoja. Mistari ile ilitoka kwenye handaki, ikapanda mpaka kwenye jiwe langu la mwisho, ikafuata mawe yangu meupe kwa ndani, moja baada ya jingine, ikapita juu ya mkato niliofukia kana kwamba haujawahi kuwepo. Maji yalifika kwangu yakitafuta mlango, nikawa nimeuziba. Yakataka kumwagikia bondeni, mawe yangu yakayazuia. Nikayakusanya, nikayaongoza vizuri, nikamkabidhi jirani. Nilikaa chini kwa aibu.

Nikamsikia mtu akikohoa. Mama Mbuzi alikuwa akipanda na beseni la udongo kichwani. Alilimwaga handakini, akalikung'uta, akaniona. Lilikuwa beseni la tisa au la kumi, na handaki lilikuwa halijajaa hata robo. Nilimwambia kilichotokea, kwa maneno machache, nikitazama miguu yangu.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu Jumatano asubuhi. Macho ninayo."

Nikamuuliza mbona hakusema mkutanoni. Karibu nimkasirikie yeye.

"Nani angemsikiliza mwenye mbuzi akimsema mtoto aliyesifiwa na Karani?" Akaketi kwenye ukingo wa handaki. "Halafu wewe nakusikia kila siku. Unambishia kaka yako, unambishia Karani, unabishia hata upepo. Nikasema, ngoja. Tuone siku ya jambo la maana ulimi huo utakuwa wapi."

Aliinuka akashuka kuchota udongo mwingine. Nilibaki pale nikiwa na hasira. Nilitaka kumkasirikia Karani, nikaona hafai. Nikamjaribu kaka, naye akanishinda. Mwisho nikakubali ni nani niliyekuwa namkasirikia. Niliporudi nyumbani nilimweleza kaka kila kitu, nikamwambia kesho asubuhi nahitaji madumu manne ya maji kilimani. Nilitegemea atanicheka. Aliniuliza tu kama madumu yawe ya lita ishirini.

Jumamosi tulikusanyika kilimani kiasi cha watu thelathini. Afisa alikuwa mama mfupi aliyevaa mabuti yenye matope ya kweli, na faili kwapani. Karani alimwonyesha mawe meupe, kisha akampeleka chini akamwonyesha handaki, akaanza kueleza habari za kwato. Barua ilikuwa mkononi mwake. Nikasema kwamba si mbuzi.

Karani alitabasamu kwa ajili ya mgeni, akaniambia niketi, sikio halizidi kichwa. Nikarudia. Akanisogelea, akainama na kuninong'oneza nisiwaaibishe watu. Tukisema njia imeharibiwa na mikono yetu wenyewe, alisema, tutaonekana wazembe na kazi ya miaka miwili itapotea, lakini mbuzi hawana heshima ya kupoteza. Nikamjibu kwamba mwenye mbuzi anayo. Bibi, aliyekuwa amekuja kutazama, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Karani asijisumbue, kisiki hakiketi.

Sikuketi. Nilipanda hadi juu ya kipande changu, ambako kaka alikuwa ameyapanga madumu, tukamwaga mawili kwa pamoja. Watu wote walitazama. Maji yaliteremka na njia, yakafika palipokuwa na mkato, yakapita bila kusita. Yakaufikia ukingo wa mawe, yakaufuata, yakaongeza kasi, na dakika haikuisha yakaingia handakini kwa Mama Mbuzi na kubomoa udongo aliokuwa amejaza kwa beseni. Siku hiyo mbuzi wote walikuwa zizini.

Nikachukua jembe. Niliutafuta mkato wangu, nikauchimba upya, jasho likiniingia machoni. Kisha nikaanza kung'oa mawe niliyoyapenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, nikayatupa kando mbele ya kila aliyeyasifu. Karani aliniita mara mbili. Sikugeuka. Nilipomaliza, kaka alimwaga madumu mawili yaliyobaki. Maji yalishuka, yakafika kwenye mkato, yakageuka, yakamwagikia majanini. Chini ya hapo halikushuka hata tone.

Afisa aliuliza nani aliyeufukia mkato huo.

"Mimi," nilisema. "Niliufukia Jumatano ya wiki iliyopita, Fundi akiwa mgonjwa, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Alipouliza nikamdanganya. Na kwenye mkutano nilinyoosha mkono wa kwanza kumsingizia Mama Mbuzi."

Nikamgeukia Mama Mbuzi. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya watu wale wale waliomsikia akishutumiwa. Sikuacha mpaka nikafika mwisho wa sentensi. Mama Mbuzi alinitazama, kisha akaniambia nikapumzishe mikono, kazi ya handaki bado inaningoja.

Afisa aliandika kitu kwenye faili. Alisema ameshakagua njia nyingi zilizoharibika, na kila mara huambiwa ni mvua, au ng'ombe, au watoto wa mtaa mwingine. Alitupa wiki tatu za kuziba handaki. Kisha akamuuliza Karani kama kuna barua. Karani aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akasema hakuna. Nitamtendea haki: alivua koti, akachukua koleo, akashuka handakini na viatu vyake vilivyong'aa. Alipenda tu mambo yaonekane safi, na mimi sikuwa na haki ya kumcheka kwa hilo.

Handaki lilituchukua Jumamosi tatu kamili. Mimi nilibeba udongo mwingi kuliko wote, wala sikulalamika, na aliyenisikia nikilalamika ajitokeze. Mawe yangu meupe yalienda chini kabisa ya handaki, kuwa msingi, mahali ambapo hakuna atakayeyaona tena. Mbuzi waliendelea kupita asubuhi na jioni.

Jumamosi ya tatu Fundi alikuja, jicho limepona na ruhusa ya kuinama anayo. Nilimfuata kabla hajafika kwenye kipande changu, nikamwambia kwamba nilimdanganya. Alisema alijua, kwa sababu mtu anayesema kweli hampi mgonjwa maji huku akitazama dari. Akaupima mkato wangu kwa kiganja, akaridhika, akasimama. Watu waliokuwa karibu wakaacha kazi.

"Kosa la wa juu huonekana kwa wa chini," Fundi alisema. "Kwa hiyo ukimkuta jirani yako ameharibikiwa, usianze kumnyooshea kidole. Panda kwanza utazame kwako. Na wewe, Kisiki, watu watakuambia uache ukaidi. Usiuache. Uutumie kusema kweli wakati kila mtu anakutaka ukae chini. Kwa kazi hiyo wakaidi hawatoshi duniani."

Mara kaka akashuka na baiskeli, gurudumu jipya, kapu la mikate nyuma. Alipofika kwenye mkato alipunguza mwendo, akajishika kiuno. Nikamwambia kama hapendi abebe baiskeli kichwani, mkato haung'oki. Akapiga kengele, akaruka, akaenda zake madukani.

Karani alikuwa kando yangu, ameegemea koleo, uso umejaa vumbi. Aliniuliza kama hatimaye nimechoka.

Nikamwambia tutaonana wiki ijayo.